Somo la 52: Koi Wanapoamka

Watoto wengi wanajua bwawa la samaki. Wameona watu wakichimba udongo, wakijenga kingo, wakileta maji kwa mfereji, wakitupa majani ya muhogo kuwa chakula cha tilapia. Wanajua tena siku ya kukausha bwawa: watu wanaingia katika tope pamoja na vitunga vyao, na jioni kila nyumba inanukia samaki. Somo hili ni juu ya bwawa la namna nyingine. Samaki wake hawaliwi. Watu huwatazama tu, na kwa kuwatazama hutoa mali nyingi.

Japani ni nchi ya visiwa, mbali sana upande wa mashariki, ng'ambo ya China. Kisiwa chake kikubwa kupita vyote kinaitwa Honshu. Katika kisiwa kile kuna mkoa wa Niigata, na katika mkoa ule kuna mji wa Ojiya, kando ya mto Shinano. Shinano ni mrefu kupita mito yote ya Japani: una kilometa 367. Sisi wenye mto Kongo tutacheka, lakini kwa kisiwa ni mto mkubwa kweli.

Pale Ojiya pana bustani ya maji. Jina lake ni Nishikigoi no Sato, maana yake ni kijiji cha koi. Utaona mawe makubwa, miti iliyokatwa kwa ustadi, na kati yake maji. Ndani ya maji wanapita samaki wenye urefu wa mkono wa mtu mzima. Mmoja ni mweupe mwenye mabaka mekundu, mwingine mweusi mwenye mekundu na meupe, mwingine wa rangi ya dhahabu tupu. Wakizoea watu, hawakimbii. Huja mpaka ukingoni na kufungua vinywa kama vifaranga vinavyomwona mama yao.

Hawa ndio koi. Je, ni samaki wa ajabu? Hapana. Koi ni karpi, samaki wa kula wa maji ya baridi, ambaye watu wa China na wa Ulaya wamemfuga tangu zamani sana. Kwa asili yake karpi ana rangi ya tope. Wakulima wa vijiji vya milimani karibu na Ojiya walimfuga katika mabwawa ya kunyweshea mashamba ya mpunga, kusudi wapate kitoweo wakati wa baridi, njia zilipofungwa. Kama miaka 200 iliyopita waliona jambo. Katika watoto wa samaki wale weusi mara moja moja alizaliwa mmoja mwenye baka jekundu, au mweupe. Mkulima mwenye njaa angalimtia chunguni pamoja na wenzake. Wale hawakufanya hivyo. Walimtenga, wakamzalisha na mwingine wa rangi, wakatazama watoto, wakachagua tena. Mwaka 1914 walipeleka samaki wao katika maonyesho makubwa ya mji wa Tokyo, na kutoka hapo nchi yote ikawajua. Neno nishiki ni jina la kitambaa cha thamani kilichofumwa kwa nyuzi za rangi nyingi, na nishikigoi ni karpi anayefanana na kitambaa kile.

Sasa tuone maisha yao katika mwaka. Huku kwetu twajua mvua na ukame. Kule mwaka una majira manne: baridi, kuchipua, joto, na kupukutika kwa majani. Wakati wa baridi upepo mkali hutoka Siberia, hupita juu ya bahari na kubeba unyevu, kisha hugonga milima ya Niigata na kuushusha kuwa theluji. Watu wa Mutwanga na wa Beni wanajua theluji ni nini, maana huiona kileleni mwa Ruwenzori siku mawingu yanapoondoka; nayo yapungua mwaka kwa mwaka. Wengine tuseme hivi: ni barafu laini inayoanguka polepole kama manyoya ya kuku. Katika milima ya Yamakoshi, karibu na Ojiya, hurundikana mpaka metre mbili au tatu. Mtu asipoiondoa juu ya paa, nyumba yaweza kuvunjika.

Na samaki? Mtoto mwenye akili atauliza: kwa nini maji ya bwawa yasigande yote, na samaki wakafa ndani yake kama mawe ndani ya ukuta?

Jibu liko katika tabia ya maji yenyewe, nalo lastahili kusikilizwa vizuri. Karibu kila kitu kikipoa huwa kizito zaidi na kuzama. Maji pia hufanya hivyo, lakini mpaka digrii 4 tu. Yakipita hapo na kupoa zaidi, huanza kuwa mepesi tena. Kwa hiyo maji ya digrii 4 hukaa chini, na maji ya baridi zaidi hupanda juu yake, nako juu huganda. Barafu yenyewe ni nyepesi kuliko maji, huelea. Basi bwawa la baridi lina kifuniko juu na maji chini. Bwawa likiwa na kina cha kutosha, metre moja au zaidi, samaki hukaa chini kabisa katika zile digrii 4 na kungoja.

Tilapia asingeweza. Maji yakishuka chini ya digrii 10 hivi, hufa. Karpi hafi, kwa sababu mwili wake wajua kupunguza kazi. Joto la damu yake si kama letu. Sisi tukiwa Lubumbashi katika baridi ya Juni, au Kindu katika joto, damu yetu hukaa digrii 37. Samaki joto lake hufuata maji. Maji yakiwa digrii 4, naye ni digrii 4. Moyo wake hupiga polepole, hali chakula, hatikisiki ila kidogo. Si kulala kama sisi tunavyolala. Afadhali tuseme ameshusha moto wa jiko mpaka limebaki kaa moja.

Kisha, mwezi wa Machi, jua huanza kupata nguvu. Matone hudondoka kutoka paani mchana kutwa. Theluji huyeyuka na maji yake hukimbia katika kila mfereji. Miti iliyokuwa kama imekufa hutoa macho ya kijani, na Aprili maua ya miti ya cherry hufunguka kando ya mto Shinano wakati milima nyuma yake ingali myeupe. Watu hutoka nje, hucheka, husafisha nyumba. Kila kitu kinaonekana kufurahi.

Lakini muulize mfugaji wa koi ni wakati gani anaogopa zaidi. Hatataja baridi kuu. Atataja huu.

Sababu ni hii. Koi ametoka katika miezi mingi bila kula. Mafuta ya mwili yamekwisha kwa sehemu kubwa. Nguvu za damu zinazopigana na magonjwa huamka polepole sana, kadiri ya joto la maji. Viini vya magonjwa na wadudu wadogo wanaong'ang'ania ngozi na matamvua, hao hawahitaji kungoja hivyo. Maji yakipata joto kidogo tu, wameanza kazi. Basi kuna majuma kadhaa ambapo adui ameamka na askari wa nyumba angali usingizini. Samaki aliyepita baridi yote salama hutokwa vidonda mwezi wa Aprili, hujikuna juu ya mawe, hukaa peke yake pembeni, na asubuhi moja anaelea.

Tena kuna jambo la chakula. Siku ya jua koi hupanda juu na kufungua kinywa. Mtu asiyejua husema: Maskini, ana njaa! Naye humtupia chakula kingi. Kwa hivyo humuua kwa huruma yake. Maana karpi hana tumbo la kuweka chakula kama letu. Koo lake laingia moja kwa moja katika utumbo mrefu. Maji yakiwa ya baridi, utumbo haufanyi kazi. Chakula hukaa ndani na kuoza. Kwa sababu hiyo mfugaji haangalii kinywa cha samaki, huangalia kipima-joto. Chini ya digrii 8 hampi kitu. Kati ya digrii 10 na 15 humpa kidogo tu, chakula chepesi kilichotengenezwa kwa kiini cha ngano. Zikipita 18, na usiku nao usipoe sana, ndipo humlisha kila siku. Usiku ni wa kuhesabiwa: mchana wa jua waweza kudanganya, na maji yaliyofika digrii 12 saa tisa alasiri yaweza kuwa digrii 6 alfajiri.

Iko hatari ya tatu, nayo haionekani kwa macho. Samaki hutoa uchafu wake katika maji, sehemu kubwa kwa njia ya matamvua. Uchafu huo ni amonia, nayo ni sumu. Mtoni maji hupita na kuichukua. Bwawani haina pa kwenda. Wenye koi hujenga kando ya bwawa chujio, yaani tangi lenye mawe, burashi au vipande vya plastiki, na pompi hupitisha maji humo mchana na usiku. Wengi hufikiri kazi ya chujio ni kushika majani na tope. Ni kazi yake ndogo. Kazi kubwa hufanywa na vijidudu visivyoonekana vinavyoishi juu ya mawe yale. Vya kwanza hula amonia na kuigeuza nitriti, ambayo nayo ni sumu. Vya pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, nayo haina madhara makubwa, na mimea ya maji huipenda kama mbolea. Vijidudu hivi vikipata baridi huacha kazi, na pompi ikizimwa muda mrefu hufa. Katika majira ya kuchipua vyahitaji majuma mengi kuongezeka tena. Ukiwalisha samaki sana kabla ya hapo, unawapikia sumu katika chungu chao wenyewe.

Jambo hili lajulikana sana katika maduka ya bustani za maji ya Ubelgiji, Uholanzi, Uingereza na Marekani, ambako wafugaji wa Japani hupeleka koi wao. Maduka hayo si kama duka la sukari na chumvi. Ni kiwanja kikubwa chenye mabwawa ya kila namna, mengine ya saruji, mengine ya turubai nene ya mpira, na kati yake vyungu vya mimea, mawe, pompi na nyavu. Wakati wa baridi hakuna mnunuzi. Wauzaji hutengeneza pompi zilizoharibika na kungoja. Barafu ikiondoka huanza kazi nyingi kwa mara moja: kutoa majani yaliyooza chini, kuosha, kubadilisha sehemu ya maji, kupanda tena yungiyungi. Mmea huu wa maji una shina nene linalolala katika udongo kama tangawizi. Kabla haujatoa majani mapya hung'olewa chunguni, shina hukatwa vipande vyenye macho, na kila kipande hupandwa katika chungu chake, kikafunikwa kwa changarawe kusudi samaki wasichimbue udongo. Koi hupenda mno kuchimbua. Wana ndevu nne mdomoni za kupapasia chini, na meno yao yako kooni.

Jumamosi ya kwanza yenye jua watu huja wengi. Wamekaa ndani ya nyumba miezi mitano, wanataka rangi, wanataka samaki leo hii. Hapo twaona tofauti ya muuzaji na muuzaji. Mmoja huchukua wavu, hutia samaki sita katika mfuko, hupokea fedha, na kuwaaga. Mwingine huuliza kwanza: Bwawa lako lina maji kiasi gani? Pompi imeanza lini? Maji yana digrii ngapi? Akisikia kwamba bwawa lilichimbwa juma lililopita, husema: Bwana, leo chukua mimea. Njoo mwezi wa Juni kwa samaki. Mnunuzi hukasirika, pengine huenda duka jingine. Muuzaji amepoteza fedha ya siku ile, na kodi ya kiwanja yamngoja. Tusidhani ni neno jepesi.

Hata samaki mwenyewe aliyefika kutoka mbali hatiwi mara moja pamoja na wengine. Alisafiri katika mfuko wa plastiki wenye maji kidogo na oksijeni nyingi, bila kula siku kadhaa kusudi asichafue maji yake. Akifika, mfuko wake huelezwa juu ya maji ya bwawa mpaka joto la ndani na la nje lilingane, kisha hufunguliwa. Hukaa peke yake majuma kadhaa akitazamwa. Tangu mwaka 1998 wataalamu wamejua ugonjwa mmoja mkali wa koi na karpi, unaoletwa na virusi. Hauna dawa. Huua hasa maji yanapokuwa na joto la kati, yaani katika majira ya kuchipua na ya kupukutika. Mwaka 2003 uliingia Japani, ukaua tani zaidi ya 1,000 za karpi wa kula katika ziwa Kasumigaura. Mtu haupati, lakini mfugaji aweza kupoteza kazi ya baba na babu yake kwa samaki mmoja aliyeingizwa kwa haraka.

Tumeona samaki akiamka. Tuone sasa anavyozaliwa, na kwa hilo turudi milimani Niigata.

Yamakoshi ni fasi ya mabonde membamba. Watu wamekata milima kuwa ngazi, na katika kila ngazi pana shamba la mpunga au bwawa la udongo. Ukisimama juu mwezi wa Mei, waona vioo mia vikishika mbingu. Maji yake ni ya theluji iliyoyeyuka na ya mvua. Koi wakubwa hawako humo bado. Wamepita baridi katika mabwawa ya saruji ndani ya nyumba zenye paa la kupitisha nuru. Kwanza bwawa la udongo hukaushwa, tope hupigwa na jua, hutupwa chokaa ya kuua wadudu wabaya, kisha mbolea ya kuku. Maji yakiingizwa hugeuka kijani kwa mimea midogo sana. Baada ya siku chache hutokea wanyama wadogo wa maji, wadogo kuliko punje ya ulezi, wanaoruka-ruka kama viroboto na kula ile mimea. Hao ndio maziwa ya watoto wa koi.

Wakati uleule mfugaji huchagua mama mmoja na madume mawili au matatu, huwatia jioni katika bwawa dogo lenye burashi laini zinazoelea. Alfajiri, maji yakiwa kama digrii 20, mama hutaga na madume humfuata kwa vishindo, maji yanaruka mpaka nje. Mayai hushikamana na burashi. Mama mkubwa hutaga mayai 300,000 na zaidi, kila moja kama kichwa cha pini. Wazazi hutolewa upesi, maana wangeyala. Kwa siku nne hivi mayai hupasuka. Mtoto anayetoka ni kama uzi wenye macho mawili. Siku mbili au tatu hatafuti chakula, anatumia kiini cha yai kilichobaki tumboni. Kiini kikiisha, lazima ale, la sivyo atakufa.

Hapa ndipo ujuzi wa mfugaji hupimwa. Wanyama wadogo wa bwawa wawe tayari siku ileile watoto wanapoanza kula. Mbolea ikitiwa mapema mno, wanyama wamekwisha kukua, ni wakubwa kwa kinywa cha mtoto, tena wadudu wala-samaki wameingia. Ikitiwa kwa kuchelewa, bwawa ni maji matupu, na watoto laki moja hufa kwa njaa bila hata kuacha alama. Juma moja la baridi katikati ya Mei laweza kuharibu hesabu yote. Kwa hiyo mzee wa kazi huamka usiku, huchota maji kwa bakuli jeupe, huyatazama kwa taa, na kuhesabu vinavyoruka.

Wakiishi, huja kazi ya kuchagua. Kabla hawajamaliza miezi miwili, watoto hukusanywa kwa wavu na kutiwa katika mabeseni. Watu hukaa siku nzima wameinama, kijiko au wavu mdogo mkononi, wakitenga mmoja mmoja: huyu mgongo umepinda, huyu mwekundu mtupu, huyu hana rangi. Katika mia hubaki wachache sana. Baada ya majuma kadhaa huchagua tena, na tena. Wengi husema kazi hii yachosha macho kuliko jembe linavyochosha mikono. Na mwenye kuchagua aweza kukosea, kwa sababu rangi ya mtoto si rangi ya mkubwa. Jekundu laweza kufifia, na jeusi lililojificha chini ya ngozi kupanda baada ya miaka mitatu. Mwaka 1921 Sawata Aoki, mtu wa Yamakoshi, alipata karpi mwenye mstari wa rangi ya dhahabu mgongoni. Alichagua watoto, na wana wa watoto, kwa muda wa miaka 25 hivi, mpaka akapata samaki wa dhahabu mwili mzima. Ndiye babu wa wale wa dhahabu tuliowataja mwanzoni. Na mwaka 2018 koi mmoja mweupe na mwekundu, aliyekuzwa mkoa wa Hiroshima, aliuzwa kwa mnada yen milioni 203. Fedha hiyo ingejenga shule kadhaa, na msomaji yuko huru kufikiri anavyotaka juu ya jambo hilo. Wakulima wengi wa Yamakoshi hawajaona fedha ya namna ile. Huuza koi wao kwa bei ya kawaida, na hulima mpunga.

Watu hawa walipata msiba mkubwa. Tarehe 23 Oktoba 2004, saa kumi na mbili kasoro dakika nne jioni, nchi ilitetemeka. Ulikuwa wakati wa kupukutika, siku ambazo koi hutolewa katika mabwawa ya udongo na kuuzwa. Milima iliporomoka. Udongo uliziba mto Imo, maji yakapanda na kufunika nyumba. Kingo za mabwawa zilipasuka, maji yakakimbia, samaki wakabaki juu ya tope. Njia zote zilikatika. Wakaaji wa Yamakoshi, zaidi ya 2,000, waliondolewa wote kwa helikopta. Baadaye wafugaji waliruhusiwa kurudi kuokoa samaki waliokuwa wangali hai, nao wakachukuliwa kwa helikopta vilevile, wakapewa nafasi katika mabwawa ya watu wengine. Waliookolewa hasa ni wazazi, kwa sababu katika mama mmoja mwema mna kazi ya vizazi vingi.

Majira ya baridi yakaja na theluji nyingi juu ya nyumba zilizovunjika. Mwaka 2005 theluji ikayeyuka kama siku zote, maji yakashuka katika mifereji, lakini katika mabwawa mengi hayakukaa. Yaliingia katika nyufa na kupotea. Mabua ya mwaka uliopita yalisimama mashambani, na watu wa kijiji walikuwa chini katika mji wa Nagaoka, katika nyumba za muda. Wazee wengine walipokufa huko hawakuwa wameona tena mlima wao. Wengine waliamua kutorudi. Ambao walirudi walianza kuziba nyufa kwa udongo, bwawa kwa bwawa, na mwisho wa mwaka 2007 wa mwisho kati yao walikuwa wamekwisha kupanda.

Siku hizi, Mei ikifika, mwenye kupita njia ya Yamakoshi asubuhi huona tena vile vioo juu ya ngazi za mlima, na pembeni mwa kimoja mtu ameshika bakuli jeupe, ameinamia maji.

Maswali

1. Samaki wa Japani na samaki wa mabwawa yetu watofautianaje mbele ya baridi?
2. Kwa nini barafu huwa juu ya bwawa, wala si chini?
3. Kwa nini mfugaji hutazama kipima-joto kabla ya kumlisha koi?
4. Eleza kazi mbili za chujio. Ipi ni kubwa, nayo hufanywa na nani?
5. Muuzaji wa pili alimwambia mnunuzi arudi mwezi wa Juni. Angalimwuzia samaki siku ile, kungalitokea nini bwawani?
6. Zoezi: Chukueni kilauri cha maji ya bwawa au ya kidimbwi na kingine cha maji ya kisima. Vitazameni juani mbele ya karatasi nyeupe, siku saba mfululizo. Andikeni kila siku rangi ya maji na vitu vinavyotikisika ndani yake.